Njoo Unichukue

Nilijua ni yeye kabla sijainua uso. Kuna watu wanaofungua mlango, na kuna watu wanaoubembeleza. Huyu huusukuma kidogo, akasimama, akausukuma tena, ndipo akaingia kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Nilikuwa na bisibisi mkononi na redio ya mteja iko wazi juu ya meza, matumbo nje. Skrubu moja ikaniponyoka, ikaenda zake chini ya kabati. Sikuifuata.

“Habari za kazi, Fundi.”

Tangu tumzike kaka yangu sikuwahi kuitwa Fundi kwa sauti ile. Bosi ananiita “we binti”, wateja wananiita dada, na Mama akikasirika ananiita jina la shangazi yangu, ambaye hampendi hata kidogo. Fundi nilikuwa naitwa na huyu peke yake, na alikuwa akilitamka taratibu, kama mtu mwenye pipi mdomoni hataki iishe.

“Nzuri. Karibu. Nikusaidie nini?”

Jamani! Mimi nina mdomo, mtaa mzima unajua. Mara ngapi nimesimama jikoni naosha vyombo huku napanga maneno ya kumwambia siku akitokea? Nilikuwa na ya kumtukana, nilikuwa na ya kumlilia. Siku yenyewe ilipofika, yakatoka maneno ya dukani.

Alikuwa amekonda. Lile koti la rangi ya udongo, nililomchagulia mimi mwenyewe, lilimkaa kama la kuazima. Macho tu ndiyo yaliyobaki yale yale, macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali. Alipoyaleta karibu, yakatua usoni kwangu, nikainama kujifanya natafuta skrubu.

“Nahitaji kijumbe,” akasema.

Duka letu linauza vyombo vya watu wanaokwenda mahali simu isikofika: wapanda milima, mabaharia, marubani. Kijumbe ndilo jina tulilokipa kile kifaa kidogo kinachoongea na setilaiti. Kila baada ya muda kinatuma alama kwenye ramani, ili aliyebaki nyumbani aone mtu wake yuko wapi. Kina na kitufe cha kutuma ujumbe mmoja mfupi, ambao unauandika kabla hujaondoka. Wateja wetu wakubwa ni marubani wa ndege zisizo na injini. Hizo huvutwa juu kwa kamba na ndege nyingine, zikaachiwa huko, na rubani akabaki na mabawa yake marefu na hewa ya joto inayopanda. Hewa ikimwisha anatua popote, hata shambani kwa watu, halafu anakaa kungoja mtu wake aje na gari na trela kumchukua. Kijumbe ndicho kinachomwita huyo mtu.

“Cha nani?” nikauliza.

“Changu.”

“Kwani umenunua mashua?”

“Fundi.”

“Au siku hizi unapanda milima? Maana wewe huruki. Tulikaa msibani, mbele za watu, ukasema kwa kinywa chako mwenyewe, mimi siruki tena.”

“Nilisema.”

“Ehe?”

“Jumamosi naruka.”

Lori likapita barabarani. Vioo vikatetemeka, na kile kiti cha kuzunguka pale dirishani kikageuka chenyewe, polepole, mpaka kikatuelekea. Sote wawili tulikiona. Kilikuwa kiti cha Kipanga.

Kaka yangu alikuwa na jina la kupewa na wazazi lakini hakuna aliyelitumia. Kila akitoka uwanja wa ndege alikuja kukalia kiti kile, akajizungusha mpaka akaona kizunguzungu, akila karanga zangu bila ruhusa na kuniita Kiherehere mbele ya wateja. Bosi alitaka kukitupa, eti kinatisha watu kinavyogeuka. Nilimwambia siku kiti kikitoka atafute na fundi mwingine. Basi kikabaki, na hakuna aliyekikalia tena. Mara nyingine nikiwa peke yangu dukani nasikia kinalia nyuma yangu, nageuka haraka, nakuta ni kiti tu.

Mwalimu alikitazama mpaka kikatulia. Watu wote humwita Mwalimu, kwa sababu nusu ya marubani wa uwanja ule wamepita mikononi mwake. Kipanga pia alipita mikononi mwake. Na hapo ndipo Mama aliposhikia. Mwalimu alikuwa karibu kabisa kuja nyumbani na wazazi wake kuniposa, nguo nimeshashona, ndipo Kipanga akaruka asirudi. Baada ya mazishi Mama alisimama mlangoni, hana hata chozi, akaniambia, “Mtu aliyemfundisha mwanangu kuruka hatamwoa binti yangu. Mimi nikifa mtafanya mtakavyo.” Hakurudia. Mwalimu akipiga simu, naiangalia inalia mpaka inakata.

Kumbe moyo haujui kukata.

“Haya, chagua,” nikasema. Nikatoa vijumbe vitatu, nikavipanga juu ya kioo cha kabati kwa kishindo. “Hiki kinategemea simu yako. Simu ikizima chaji, nacho kimekuwa kipande cha plastiki. Sikushauri. Hiki cha rangi ya machungwa…”

Cha machungwa kilikuwa kama kile cha Kipanga.

“Hiki cha machungwa nakijua,” akasema. Hakukigusa. Aliweka mikono yake nyuma kabisa. “Na hiki cha kijivu?”

“Kizito kidogo. Kinakula betri. Lakini kina skrini, na kinapokea. Ukituma ujumbe, ukifika kweli kwenye setilaiti kinakuandikia kwamba umefika. Na mwenzako akikujibu, unasoma jibu lake hapa hapa.”

“Cha machungwa hakisemi kama umefika.”

“Cha machungwa kinapepesa taa tu. Ukibonyeza inaanza kupepesa, ujumbe ukiondoka inazima.”

“Uwanjani tulidhani kupepesa ndiyo kwenda,” akasema, na sauti ikashuka. “Wote. Tukiona inapepesa tunajua tayari, wanakuja, tunatafuta kivuli tunalala.”

“Basi mlidhani vibaya.”

“Ndiyo, Fundi. Tulidhani vibaya.”

Nilishika kile cha kijivu nikakifuta vumbi ambalo hakikuwa nalo. Nikaendelea na maneno ya dukani, maana ndiyo yaliyokuwa yamenishika mkono. “Kiweke mahali kinapoona anga. Usikiweke chini ya kiti wala nyuma ya vyombo. Bawa lenu lile ni la kaboni, kwake ni ukuta. Kikiwa chini ya bawa hakitumi kitu.”

Nilijisikia nikisema. Yeye naye alinisikia. Tukabaki tunatazamana juu ya kioo, na kwa kweli kama si lile kabati katikati yetu, sijui. Nilikuwa nimemkumbuka mpaka vidole.

“Ni hiki,” akasema. “Kiandikishe.”

Nikafungua mashine ya kuandikishia. “Nambari ya mpokeaji?”

Uwanjani kwao wana utani wao. Wanasema pete ni pambo tu, ndoa ni nambari iliyo kwenye kijumbe, kwa sababu mwenye nambari ndiye atakayeacha chakula mezani akavute trela mpaka kwenye matope ya watu asiowajua. Marubani wanaweza kuwa na wachumba wawili, lakini nambari ni moja, na wake zao wanalijua hilo.

“Weka ya dada yako,” nikasema upesi, kabla hajasema yeye.

“Dada yangu haendeshi gari.”

“Ya mwenzako kazini.”

“Naye atakuwa hewani.”

“Basi weka ya zimamoto!”

Akacheka kidogo. Mungu wangu, kicheko kile. Halafu akakiacha.

“Nataka yako, Fundi.”

Niliweka mashine chini. “Unajua unachoniomba wewe?”

“Najua.”

“Hujui! Unakuja hapa umevaa koti langu, unaniambia unaruka Jumamosi kana kwamba unakwenda sokoni, halafu unataka nikae na simu mkononi nikingoja. Mimi? Mimi nikisikia simu inalia mlio wa ujumbe, mpaka leo, roho inaruka. Hata wakinitumia matangazo ya magodoro! Nenda katafute mwanamke mwingine wa kumngojesha.”

“Nimejaribu kukaa chini,” akasema. “Nimejaribu, Fundi. Naamka naangalia mawingu, naona hewa ilipo, narudi ndani nafunga pazia. Wanafunzi wananipigia siwapokei. Niko hai lakini sipo. Na hata huku chini pia amenifuata. Nikilala namwona Kipanga. Hasemi kitu. Ananitazama tu kama anayesubiri nimalize kufunga mkanda twende.”

“Kwangu anakaa pale,” nikasema, nikakionyesha kiti kwa kidevu.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Kuna jambo nilikuwa nimelibeba peke yangu mwaka mzima, na nilikuwa nimeapa sitalitoa.

Siku ya pili ya kumtafuta Kipanga nilikuwa hapa hapa dukani, simu mbele yangu, ramani wazi, alama yake ya mwisho imeganda juu ya milima. Simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa kijumbe chake: *Nimetua salama. Njoo unichukue.* Maneno hayo tuliyaandika naye, mimi na yeye, kwenye meza hii. Nilipiga kelele. Nilitoka mbio bila viatu mpaka kwenye kibanda cha Mama cha ushonaji, mwisho wa mtaa, nacheka, nalia, nikamkuta amekaa kwenye cherehani, simu yake ya kioo kilichopasuka iko mapajani, ananitazama tu. Kabla sijapata pumzi ya kumwambia, simu yangu ikalia tena. Ni watu wa uwanjani. Wamempata, amefariki.

Msibani walisema alikufa papo hapo. Ndege iligonga, ikamalizika, hakuteseka. Mama aliambiwa hivyo, na watu wakamshukuru Mungu. Mimi peke yangu nilijua kwamba maiti haibonyezi kitufe. Kaka yangu alitua akiwa hai, akaniita nikamchukue, na sikwenda. Ujumbe ule sijawahi kuufuta wala kumwonyesha mtu.

“Kipanga hakufa papo hapo,” nikamwambia Mwalimu. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. “Aliniita. Nina ujumbe wake humu ndani ya simu. Sasa niambie, nambari hiyo hiyo unaitaka?”

Hakushtuka. Ndilo lililonitisha.

“Najua,” akasema.

“Unajua nini?”

“Mimi ndiye niliyeinua bawa.”

Nilishika ukingo wa kabati.

“Ndege ilikuwa imetua vizuri, Fundi. Kwenye miteremko ile, mawe matupu, sijui angeweza kuitua vipi zaidi ya vile. Ila mwishoni iligonga jiwe ikapinduka, bawa likamfunika na kumbana miguu. Kijumbe kilikuwa kifuani kwake, kinapepesa. Bado kinapepesa! Tulipoinua bawa, kikaona anga, taa ikazima. Nilijua ujumbe umeondoka. Nilijua na unakwenda kwa nani. Nilitamani niudake kwa mkono.”

“Kwa hiyo wewe ndiye uliyesema papo hapo.”

“Ndiye mimi.”

“Ukanidanganya.”

“Nilitumaini hukuupata. Halafu makaburini nikaona unavyoishika ile simu, nikajua umeupata. Ungenipokea hata mara moja tu ningekuambia.”

“Na ukanyamaza.”

“Na wewe ukanyamaza.”

“Nilikuwa namficha Mama!”

“Na mimi nilikuwa namficha Mama!”

“Mnamficha Mama nini?”

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama pale, futi yake ya kushonea imening'inia shingoni kama kawaida, maana huisahau huko tangu asubuhi mpaka anakwenda kulala. Mkononi ana bakuli la chakula changu cha mchana.

“Shikamoo, Mama,” Mwalimu akasema.

Mama hakuitika. Tangu mazishi, kila walipokutana njiani, Mwalimu aliamkia na Mama akapita kama hewa imesema. Na mtu akikuamkia usimwitikie, umemwambia maneno mazito kuliko tusi.

“Nimeuliza,” akasema Mama, akinitazama mimi.

“Hakuna, Mama. Ni mambo ya vifaa.”

Mama akaweka bakuli juu ya kabati. Akakiona kile cha machungwa. Akakitazama muda mrefu, na uso wake haukubadilika, ila mkono ulipanda ukashika futi shingoni. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikwenda dirishani, akakalia kiti cha Kipanga. Kikalia chini yake. Akatoa simu yake kifuani, ile ile ya kioo kilichopasuka. Nilimnunulia mpya zamani, iko kwenye boksi lake, hajaigusa. Nikadhani ni ubishi wa wazee.

“Njoo usome,” akasema.

Nilisoma kupitia nyufa za kioo. *Nimetua salama. Njoo unichukue.*

“Mama…”

“Aliniongeza mwenyewe, nambari ya pili, ingawa desturi yao ni moja. Alisema, Kiherehere akilala, wewe Mama utasikia.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ulikuja mbio huna viatu, unacheka. Na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nausoma. Nikasema, leo Mungu amekumbuka. Halafu simu yako ikalia, nikauona uso wako.” Akaikunja mikono juu ya simu. “Nikawaza, huyu akijua kaka yake aliita, hatalala maisha yake yote. Walipokuja na hiyo papo hapo yao, nikaikubali, nikashukuru. Nilishukuru kwa ajili yako.”

Sijui nilicheka au nililia. Vyote viwili nadhani. Watu watatu, ujumbe mmoja, kila mmoja ameukalia kama kuku ili mwenzake asiuone. Nilipiga magoti pale sakafuni, nikaweka kichwa mapajani kwa Mama, na kiti kikageuka nasi kidogo.

“Wewe,” Mama akasema juu ya kichwa changu.

“Naam, Mama,” Mwalimu akajibu.

“Mfuko niliushona mimi.”

“Mama?”

“Mfuko wa kifuani, wa hicho kidubwana. Alitaka kitambaa kizito, kisipitishe maji. Nikakikunja mara mbili, nikapiga na mshono wa ziada. Nilijisifu nao.” Vidole vyake vikapapasa mshono wa kola yangu. “Maneno yangu yote kwako nimeyasema mbele za watu. Hili sikulisema. Kila nikikaa kwenye cherehani najiuliza, ni kitambaa changu kilichomziba mdomo mwanangu?”

Mwalimu alikuja akachuchumaa mbele yake, mbali kidogo, kwa adabu.

“Hapana, Mama. Kitambaa hakizuii. Hata ungekikunja ukakikunja tena. Lilikuwa bawa.”

Mama akanishika kidevu, akaniinua uso. “Ni kweli, au mnanificha tena?”

“Ni kweli, Mama. Haki ya Mungu.”

“Nionyeshe.”

Huyo ndiye mama yangu. Nguo hata aisifie nani, yeye lazima aigeuze ndani aone mshono. Nikanyanyuka, nikachukua kile cha kijivu. Mama akavua mtandio wake, akaukunja mara mbili, akafikiri, akaukunja tena. Tukakifunga humo, tukamwachia Mwalimu nafasi ya kidole tu.

“Lazima niweke nambari na maneno,” nikasema. “Bila hivyo hakitumi.”

Mwalimu alitazama sakafu. Hakuniomba tena, na ningemchukia kama angeniomba wakati ule. Nilisimama na mashine mkononi, nikamwona Kipanga kwenye kile kiti kama alivyokuwa, karanga shavuni, anangoja nimalize kiherehere changu. Nikaingiza nambari yangu.

“Na maneno?”

“Yale yale,” Mama akasema.

Mwalimu alipofika mlangoni na kifaa, anakwenda kukijaribu nje, Mama akamwita. “Ngoja. Hebu niambie kitu kimoja, na usinidanganye kwa huruma. Mwanangu alijua kama hatuji?”

Mwalimu alibaki na mkono kwenye kitasa. “Hapana, Mama. Alijua mnakuja. Taa ilikuwa inapepesa, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba ikipepesa watu wako njiani. Chini ya bawa tulimkuta ameshavua kofia yake, ameiweka pembeni vizuri, miwani ndani yake. Ameegemea jiwe kama mtu anayengoja gari.”

“Kama anayengoja gari,” Mama akarudia, polepole.

“Ndiyo, Mama.”

Mama akafunga macho. Machozi ambayo sikuyaona mazishini yakaja yote, kimya, na hakuyafuta. Akamfanyia ishara ya mkono, nenda.

Tulimtazama kupitia dirishani. Alitembea mpaka katikati ya uwanja wa kuegesha magari, mahali pasipo na paa wala mti, akasimama na fungu lile la nguo viganjani, kalielekeza juu. Akabonyeza. Sisi ndani tukangoja. Simu yangu ilikuwa juu ya kioo, na Mama alikuwa ameikazia macho kama atakayeila. Setilaiti haina haraka. Mtu mmoja alikuja na gari lake, akampigia honi Mwalimu apishe, Mwalimu hakusogea. Yule mtu akazunguka huku akitukana.

“Haiji,” Mama akanong'ona. “Ni kitambaa.”

“Subiri, Mama.”

“Nakuambia ni kitambaa.”

Simu ikalia.

Roho iliruka kama kawaida yake. Kiti kililia Mama aliposimama. Nikaigeuza simu tusome wote, ingawa tulijua kimeandikwa nini: *Nimetua salama. Njoo unichukue.*

Mama alivuta pumzi ndefu, akaitoa, na mabega yake yakashuka. Sikumbuki lini niliyaona mabega ya Mama yameshuka. Akagusa maneno kwa ncha ya kidole, akakiondoa upesi kama skrini ina moto.

Nje, Mwalimu alikuwa bado amesimama, kichwa ameinamisha juu ya nguo. Hakugeuka kututazama. Alikuwa anangoja.

“Jibu,” Mama akasema.

“Mama, wewe ulisema…”

“Nilisema. Na huko angani kwao sipapendi, wala sitapapenda. Usiku wa kuamkia Jumamosi utanisikia nikizunguka nyumba nzima.” Akanisukumia simu. “Lakini mtu ameita. Mjibu.”

Nilikosea herufi mara mbili. Neno lenyewe fupi tu. Nililiandika kwa ajili ya yule aliye nje, na Mungu anisamehe, nililiandika na kwa ajili ya yule mwingine, aliyevua kofia yake akaiweka pembeni.

*Nakuja.*

Sikungoja kuona kama limefika. Nilikuwa nimeshazunguka kabati, nimeshausukuma mlango. Nilivuka uwanja ule kwa mwendo wa mtu mzima mwanzoni, halafu mwendo ukanishinda nikakimbia. Nilipomfikia alikuwa amefunua mtandio, anasoma skrini, machozi yanamdondokea juu ya neno langu.

“Umefika,” akasema.

“Nimefika,” nikasema.

Alinishika, na nikashikika, katikati ya magari ya watu, na kidubwana kile kikitubana kifuani kati yetu. Alinukia jua na vumbi, kama zamani. Nilimwambia Jumamosi nitaendesha lile gari na trela lake bovu, na nitamtukana kila akitua mahali penye matope, na akikaa kimya angani zaidi ya inavyotakiwa nitamfuata huko huko kwa ngazi. Akasema sawa. Nikamwambia asiseme sawa, aape. Akaapa.

Tulirudi dukani, mtandio begani kwangu. Mama alikuwa amesimama kando ya kiti, ameshaitoa futi shingoni, anainyoosha kati ya mikono miwili. Mwalimu alisimama mlangoni, akausukuma kidogo, kama kawaida yake.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba,” Mama akasema. “Vua koti nikupime. Mfuko safari hii nitauweka begani.”